Tathmini ya LTSP: Chumba cha Kompyuta Kinachowashwa na Seva Moja

LTSP, yaani Linux Terminal Server Project, ni programu huria isiyolipiwa ada, inayowezesha kompyuta zote za chumba kimoja kuwaka kupitia mtandao kutoka kwenye seva moja (kompyuta kuu inayohudumia nyingine), hata kama hazina diski ndani. Jim McQuillan aliianzisha nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2019 Alkis Georgopoulos wa Ugiriki aliiandika upya. Shule inayotaka kuitumia inapaswa kwanza kuelewa tofauti ya matoleo hayo mawili, kwa sababu ndiyo inayoamua ni kompyuta gani za mtumba zinunuliwe.

Katika toleo la zamani, kazi nzito iliweza kufanywa na seva, huku kompyuta ya mwanafunzi ikibaki kupokea picha ya skrini na kurudisha vibonyezo vya kibodi. Toleo la sasa limegeuza mambo: seva hutoa mfumo endeshi na kutunza mafaili, lakini programu huendeshwa na kichakataji na RAM (kumbukumbu ya muda) ya kompyuta aliyokalia mwanafunzi. Faida yake ni kwamba seva ya bei kubwa haihitajiki tena. Kompyuta ya mezani ya kawaida yenye SSD, yaani diski ya kasi, inatosha. Hasara yake ni kwamba vikompyuta hafifu vilivyokuwa vikifaa zamani sasa havifai. Kwa maoni yangu, mashine yenye RAM ya chini ya gigabaiti 2 isinunuliwe kabisa, kwani kivinjari cha siku hizi kitaimaliza kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa tatu.

Usakinishaji wenyewe ni mwepesi kuliko sifa yake. Fundi huandaa seva ya Debian au Ubuntu (mifumo endeshi ya Linux), huweka programu zote ambazo wanafunzi watazihitaji, kisha huandika amri chache. Muhimu zaidi ni `ltsp image /`, ambayo huchukua mfumo wa seva yenyewe na kuubana katika faili moja litakalosomwa na kompyuta zote. Ukiongeza programu mpya kwenye seva, unarudia amri hiyo, na kompyuta zikiwashwa tena zinakuwa nayo zote. Jambo la kupongezwa ni kwamba huduma ya dnsmasq, inayoelekeza kompyuta kwenye seva zinapowaka, inaweza kufanya kazi kando ya ruta iliyopo, ruta ikaendelea kugawa anwani za mtandao kama kawaida; hakuna haja ya kuvuruga intaneti ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Upande wa mwanafunzi, kompyuta huelekezwa katika mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) iwake kwa mtandao, na zile mpya huzimwa Secure Boot, ulinzi unaozuia mfumo usiotambuliwa kuwaka. Ikiwashwa, skrini nyeusi huonyesha anwani iliyopewa, hufuata menyu ya iPXE, programu ya kuwasha kompyuta kwa mtandao, kisha dirisha la kuingiza jina na nenosiri. Mafaili ya mwanafunzi hukaa kwenye seva, hivyo anaweza kukalia kompyuta yoyote na kuikuta kazi yake. Mabadiliko mengine yote anayoyafanya kwenye mfumo huandikwa katika RAM tu, na hupotea mashine inapozimwa. Anayesimamia chumba cha wanafunzi wenye vidole vya udadisi atajua thamani ya jambo hilo.

Mahali ambapo wengi hubana matumizi ndipo mfumo huu unapolipiza kisasi, nako ni kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta zote kwa kebo. Lango la megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 12 kwa sekunde. Zigawanye kwa kompyuta 20 zinazowashwa kipindi kinapoanza, na kila moja inapata chini ya megabaiti moja. Seva iunganishwe kwenye swichi ya gigabiti kwa kebo nzuri, hata kama itabidi kupunguza kompyuta mbili kwenye bajeti. Wi-Fi isifikiriwe kwa kazi hii. Vilevile, umeme ukikatika au seva ikizimika, darasa zima linaganda kwa pamoja. Kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya umeme) ya seva na ya swichi ni sehemu ya mfumo. Nakala za akiba za mafaili pia ziwe na diski yake ya pembeni, maana kazi za shule nzima ziko mahali pamoja.

Epoptes, programu nyingine huria inayoshirikiana vizuri na LTSP, humpa mwalimu skrini zote mbele yake, na humwezesha kuzifunga anapotaka kusikilizwa au kuzizima zote jioni kwa mara moja. Ningeisakinisha siku ileile.

Shule yenye programu ya uhasibu inayotaka Windows haitaweza kuiendesha hapa. Kompyuta za LTSP zinaweza kuunganishwa na seva ya Windows kwa njia ya mbali, lakini leseni za seva hiyo hununuliwa, na kwa mashine moja au mbili za mhasibu ni nafuu kuziacha na diski zake.