Kitabu cha picha za Seydou Keïta, tafuteni hata cha mtumba

Hiki ni kile alichokihariri André Magnin, cha 1997, mi nimekipata kwa mtumba na bei ilikuwa imechangamka kweli ila sijutii. Kwa asiyemjua, Keïta alikuwa mpiga picha wa Bamako, Mali, alianza kama fundi seremala, 1935 ami yake akarudi toka Senegal na kamera ya Kodak Brownie akampa dogo achezee, basi ndo ikawa kazi. 1948 akafungua studio yake pale Bamako-Coura na watu wakawa wanapanga foleni.

Kinachonimaliza ni vitambaa. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe, lile lenye tamvua, baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu hivi na uzeeni ndo alitumia hayo mapazia kukumbuka picha ipi ni ya lini. Kuna mama amejilaza, kaegemea kiwiko, gauni la nakshi, chini shuka la mirabamiraba, nyuma maua, kwa mahesabu ya kawaida hapo ni fujo tupu lakini jicho linaenda usoni moja kwa moja. Na jamaa wa suti nyeupe na miwani mizito, peni mfukoni, kashika ua moja kwa vidole virefu yani kapozi mpaka raha. Suti, saa, redio, vingi vilikuwa vya studio, mteja anaazimwa. Na mara nyingi alipiga mara moja tu, mwanga wa jua, basi!

1991 picha zake zilitundikwa New York bila jina, eti mpiga picha hajulikani, wakati mwenyewe yupo zake Bamako. 1994 ndo akafanyiwa maonyesho yake Paris.

Sasa watu wa galari wanapenda kuzikuza ziwe kubwa kama mlango, weusi umekolezwa, mi hapo sikubaliani nao. Mteja wake alikuwa anaondoka na picha ya sentimita 13 kwa 18, ya kushika mkononi na kuwatumia ndugu. Ndo maana kitabu kinamfaa kuliko ukuta, unasogeza pua unaona mpaka hina vidoleni.

Mwenye studio mtaani akinunue kwa ajili ya mapozi tu, italipa. Ila cheki kwanza kurasa hazijaachia gundi kabla hujatoa hela.