Pa Kuweka Akiba Nyakati za Mashaka: Mwongozo kwa Mwenye Milioni Chache Tanzania

Uchaguzi unapokaribia, au bei ya dola inapoanza kuyumba, swali la mahali pa kuweka fedha huulizwa ofisini, sokoni na hata msibani. Majibu mengi hupangwa kwa kufuata faida, yaani nani analipa asilimia kubwa kuliko mwenzake. Mwongozo huu umepangwa kwa kigezo kingine: ni kwa haraka kiasi gani, na kwa hasara ndogo kiasi gani, mwenye akiba ataipata fedha yake siku atakayoihitaji. Tangu mwaka 2018 wastani wa mfumuko wa bei nchini haujavuka asilimia 5 kwa mwaka, kwa hiyo shilingi yenyewe haijawa adui mkubwa wa mwekaji. Wanaoumia zaidi ni wale wanaolazimika kuuza mali kwa pupa, au wanaokuta mlango umefungwa siku ya shida.

Kabla ya kununua chochote, tenga noti za matumizi ya wiki moja au mbili na uziweke nyumbani. Intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, na wakazi wa Dar es Salaam wakapigwa marufuku kutoka nje usiku, programu ya benki kwenye simu haikuweza kumnunulia mtu unga wala dawa. Hata hivyo, kiasi hicho kinatosha, na kibubu kisigeuzwe kuwa benki. Kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu ilipokea noti za zamani, zikiwemo zile zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, na baada ya hapo zikakoma kuwa fedha halali; aliyekuwa amezifukia bila kusikiliza taarifa alibaki na karatasi.

Nafasi ya kwanza naipa mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayolenga ukwasi, yaani wepesi wa kuigeuza akiba kuwa fedha taslimu, na hasa Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayomilikiwa na Serikali. Mwekezaji hununua vipande, fedha yake huwekwa katika amana za benki na dhamana za Serikali pamoja na za wenzake, na bei ya kipande hutangazwa ili kila mmoja aone akiba yake inavyokwenda. Hakuna ada ya kuingia wala ya kutoka, na anayeuza vipande hulipwa ndani ya siku chache za kazi, bila kumtafuta mnunuzi na bila kubembeleza. Faida Fund ya Watumishi Housing nayo inafaa kulinganishwa. Mnunuzi akumbuke tu kwamba vipande si amana ya benki, kwa hiyo havina bima ya amana, ile inayomlipa mteja benki yake ikifungwa. Usalama wake unatokana na ubora wa kile ambacho mfuko umenunua, na taarifa za mfuko zinapaswa kusomwa kwa jicho hilo.

Ya pili ni benki, kwa sharti kwamba fedha igawanywe. Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 katika kila benki endapo benki hiyo itafungwa, na kinachozidi hapo husubiri ufilisi, jambo linaloweza kuchukua miaka. Mwenye milioni 15 aliyeziweka benki moja ana nusu tu iliyokingwa, ilhali aliyezigawa sawasawa katika benki mbili amekingwa zote. Matawi mawili ya benki ileile hayahesabiwi kuwa benki mbili. Wanaoliona hili kuwa hofu ya bure wakumbuke Januari 2018, Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano kwa mpigo, zikiwemo Efatha, Covenant na Benki ya Wananchi Meru. Amana ya muda maalumu hulipa riba nzuri kuliko akaunti ya kawaida, lakini riba hiyo hukatwa kodi ya asilimia 10, na anayevunja mkataba kabla ya muda hupoteza sehemu ya riba au yote. Kwa hiyo ni bora kufungua amana tatu ndogo zinazoiva kwa miezi tofauti kuliko moja kubwa.

Hatifungani za Serikali, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo mwananchi huikopesha Serikali kwa riba, naziweka nafasi ya tatu, na najua wapo watakaonung'unika, kwa sababu ndizo zinazosifiwa kuliko zote. Sifa hizo zina msingi: unaanza na shilingi milioni moja kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba huingia kila baada ya miezi sita. Tatizo ni muda. Riba ya hatifungani ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95, kisha mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56 kwa zile mpya. Aliyewahi ile ya kwanza ana mali ambayo wengi wanaitamani. Aliyenunua ya pili kwa bei kamili, akalazimika kuiuza wakati soko linadai asilimia 15, itambidi apunguze bei ili mnunuzi afikie faida hiyo, na atapata takriban shilingi 84 kwa kila 100 alizoweka, ingawa Serikali haijakosa kumlipa hata mara moja. Fedha ya ada ya shule ya mwakani haina kazi humo. Fedha ya uzeeni inayo, na kwa mtu wa namna hiyo nafasi ya tatu inakuwa ya kwanza.

Dola hukimbiliwa sana, na mara nyingi hukimbiliwa kwa kuchelewa, bei ikiwa imeshapanda. Mwishoni mwa mwaka 2024 dola iliteremka kutoka karibu shilingi 2,700 hadi chini ya 2,450 katika wiki chache, ikapanda tena mwaka 2025, kisha ikashuka kwa mara nyingine. Aliyenunua kileleni alipoteza karibu sehemu moja ya kumi bila kugusa fedha yake, achilia mbali tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza dirishani. Tangu Machi 2025 ni marufuku pia kupanga bei au kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Akaunti ya dola inamfaa mwenye mtoto anayesoma nje au anayeagiza bidhaa. Wengine watosheke na sehemu ndogo.

Dhahabu ya sonara hupoteza gharama ya ufundi mara tu unapoirudisha dukani. Kiwanja hakikimbii, lakini hakiuziki kwa wiki moja, na nyakati za taharuki wanunuzi hujificha. Zaidi ya hayo, karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki.

Mwisho kabisa, nje ya orodha, ni upatu unaoahidi kuzidisha fedha kwa miezi michache, kama ule wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009 huku maelfu wakiwa bado wanasubiri "kuvuna". Anayekuahidi faida muulize leseni yake ni ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha uithibitishe huko huko ilikotolewa, si kwa nakala anayokuonyesha yeye.