Mbegu za majike: mpe mtamba, usimpe ng'ombe anayerudia joto

Mfugaji ambaye ng'ombe wake wanazaa kila baada ya miezi 16 au 18, badala ya 12 au 13, siku hizi hushauriwa anunue mbegu za fahali zilizotenganishwa jinsia ili wazaliwe majike. Bidhaa yenyewe inatimiza inachoahidi: katika ndama 10 wanaozaliwa, takriban 9 ni majike. Lakini haimsaidii ng'ombe kushika mimba. Inampunguzia nafasi hiyo.

Sababu iko maabara. Mbegu inayozaa jike ina DNA zaidi ya ile inayozaa dume kwa karibu asilimia 4. Basi zote hutiwa rangi, hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, hutenganishwa kwa chaji ya umeme, kisha hugandishwa. Zinatoka zimechoka, tena chache: mrija wa kawaida, yaani kijibomba chembamba cha kuhifadhia mbegu, una mbegu milioni 15 hadi 20, huu una milioni 2 hadi 4 tu.

Piga hesabu. Tuseme kwa mbegu za kawaida mitamba (majike ambao hawajazaa bado) 6 kati ya 10 inashika. Utapata majike 3. Kwa hizi inashika kama 5, na majike ni 4 au zaidi kidogo. Ongezeko ni jike mmoja na ushee kwa mirija 10, na kila mrija unauzwa mara kadhaa ya bei ya kawaida. Kwa mtamba bado inalipa, maana ndama jike ni mdogo na uzazi wa kwanza huwa mwepesi. Mtamba awe amefikia karibu asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Umri peke yake usikudanganye.

Muda nao ni tofauti. Kanuni ya "joto asubuhi, himilisha jioni" (kuhimilisha ni kumtilia ng'ombe mbegu kwa bomba, bila fahali) hapa ni mapema mno, kwa sababu mbegu hizi haziishi muda mrefu ndani ya kizazi. Ngoja saa 16 hadi 24 tangu joto lianze. Aliyeanza kusimama apandwe saa 12 asubuhi anafaa kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri ya kesho yake, na kwa kuwa mhimilishaji haji usiku, mpangie alfajiri. Ng'ombe wa bandani aliyefungwa peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo tazama ute mwepesi unaovutika kama uzi, uke uliovimba, kulialia na maziwa kushuka ghafla.

Kazi ya mhimilishaji ndiyo inayoharibu mirija mingi. Maji ya kuyeyushia yapimwe kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37, sekunde 45, mrija mmoja kwa wakati. Ukaushwe kabisa kwa karatasi laini, maana hata tone la maji linaua mbegu. Bomba la kuhimilishia lipashwe joto kwanza. Mbegu ziachwe pale mlango wa kizazi unapoishia tu, zisisukumwe ndani zaidi, na yote yakamilike ndani ya dakika 10. Akifika na mrija umeshayeyuka kwenye mfuko wa shati, mrudishe.

Kwa ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa, hakuna mbegu itakayomsaidia. Anakamuliwa kuliko anavyolishwa, mwili unayeyusha mafuta yake, mayai hayapevuki vizuri na joto linapita kimya. Mbavu zikionekana wazi, anza na lishe: majani ya kutosha, pumba na mashudu, jiwe la madini lenye fosforasi. Anayerudia joto mara 3, yaani anahimilishwa na hashiki mimba, aitiwe daktari akaguliwe kizazi, na kama kuna waliotupa mimba apimwe damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba. Akipona, mhimilishe kwa mbegu za kawaida kama zile za NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, kuanzia siku ya 60 baada ya kuzaa.

Alama zetu: 4 kati ya 5 kwa mitamba yenye afya, 1 kwa ng'ombe anayerudia. Unapopanga bajeti ya mrija, weka na ada ya kupima mimba siku ya 60, kwa sababu kutoonekana joto siku ya 21 si uthibitisho wa mimba.