Mrejesho: fileta ya sponji ya Kariakoo, vifaranga wangu wa guppy wanakua balaa

Wakuu mnaofuga samaki wa mapambo, leo nawapa mrejesho wa fileta ya sponji, kifaa cha kusafisha maji ya tangi, ile yenye sponji mbili nyeusi pembeni na kibomba katikati, inayoendeshwa na pampu ya hewa. Haina jina la kampuni, kaboksi lote limeandikwa Kichina. Kariakoo nimechukua kwa sh 10,000, pampu ya matundu mawili sh 18,000, mpira wa hewa wanakukatia kwa mita. Ipo kwenye tangi la lita 60 lenye vifaranga wa guppy, wale samaki wadogo wa rangi, na kiukweli kama unataka samaki wakue haraka, hiki ndo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya mataa ya rangi, kabla ya mawe ya urembo, kabla hata ya chakula cha bei mbaya.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wakiona samaki hawakui wanachofanya ni kuongeza msosi. Ni kweli kifaranga anataka kula mara nyingi, mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo, tumbo lake dogo na mwili unajengeka muda wote. Ila kila unachomlisha kinarudi kwenye maji, kingine kinyesi, kingine amonia, yaani sumu inayotoka moja kwa moja kwenye matamvua yake, na chakula kilichobaki chini nacho kinaoza kinatoa amonia nyingine juu yake. Samaki akikaa kwenye amonia matamvua yanaungua, hamu ya kula inaisha, nguvu zote zinaenda kwenye kuvumilia tu, sasa atakua saa ngapi? Ule usemi wa madukani kwamba samaki anakua kulingana na ukubwa wa tangi mi siukubali kabisa, kinachomdumaza ni uchafu unaojaa haraka kwenye maji machache.

Hapo ndo sponji inapofanya kazi. Hewa ikipanda kwenye kibomba inavuta maji yapite kwenye sponji, na ndani ya vile vitundu wanazaliana bakteria, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi. Kwenye tangi jipya bakteria hao wanachukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka watoshe, kwa hiyo usifunge leo ukamwaga samaki thelathini kesho. Kama una tangi la zamani au rafiki anafuga, iweke hii sponji mpya humo ifanye kazi wiki kadhaa alafu ndo uihamishie kwa vifaranga, inakuja na bakteria wake kabisa.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, haimezi vifaranga. Fileta za mota zinavuta kwa nguvu, kifaranga wa siku mbili anaenda nayo. Hii mkondo wake mpole, alafu sponji ikishakaa muda inaota utando laini wenye vijidudu vidogo, ukichungulia asubuhi kabla hujalisha unawakuta wamejaa juu ya sponji wanadonoa, vichwa chini mikia juu, wanakula muda wote bila wewe kuweka kitu. Madume ya kwangu yalianza kutoa rangi mkiani mapema na yana miili mipana.

Umeme msiogope, pampu ya wati 4 ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima hata uniti 3 hazifiki.

Mapungufu yapo. Pampu inanguruma, ikikaa juu ya meza tupu hamlali, weka kitambaa kilichokunjwa chini yake. Vile vinyonyo vya plastiki vya kugandisha kwenye kioo vinaachia. Sponji mpya inaelea, ibinye ukiwa umeizamisha mpaka hewa yote itoke. Na hili la muhimu, kwenye kaboksi hawaweki ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, ukiweka pampu chini ya usawa wa maji umeme ukakatika, maji yanashuka na mpira mpaka kwenye pampu. Inunue pembeni au tundika pampu juu ya tangi.

Pia haiondoi naitreti wala kinyesi kilicholala chini. Hiyo kazi ni yako, nyonya uchafu kwa mpira na badilisha maji, kwa vifaranga mi nabadilisha kama asilimia 30 mara mbili kwa wiki. Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima au tumia dawa ya kuondoa klorini. Na kwa sababu hiyohiyo sponji usiioshe bombani hata siku moja, utaua bakteria wote, ikamulie kwenye ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tangi lenyewe, ukiona mapovu yamepungua ujue muda umefika.

Kwa sisi wa Dar hita ya nini, maji yenyewe yanacheza nyuzi 26 mpaka 28, na joto likizidi maji yanabeba oksijeni kidogo, hapo yale mapovu yanasaidia sana. Wa Mbeya, Njombe na Arusha nunueni hita, joto la mwili wa samaki ndo joto la maji yake, akiwa na baridi hali chakula wala hakui hata umpe nini.

Wenye goldfish wakubwa au Oscar, hii peke yake haiwatoshi, hao wanachafua mno, iwe ya pili nyuma ya fileta kubwa. Ila kwa guppy, molly na vifaranga wa aina yoyote naipa 9 kwa 10. Ukienda dukani mwambie muuzaji achomeke pampu uisikilize matundu yote mawili, maana nyingine tundu moja linapuliza kinyonge, na sponji ibonyeze kwanza, inayorudi haraka ndo ya kuchukua, ile inayobaki imelala iache hapohapo.