Kipimajoto kwa mgonjwa wa mionzi na kemo: chukua cha kwapani, acha cha bastola

Maduka ya dawa ya Kariakoo na Upanga yana aina mbili za vipimajoto: kile chembamba cha kidijitali chenye ncha ya chuma, na kile cha mfano wa bastola kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Kwa mgonjwa wa saratani ya koo, ulimi au taya anayepata mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, nunua chembamba.

Sababu iko kwenye damu. Kemo hudhoofisha uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, zikashuka: kwa dawa nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na kwa sisplatini, moja ya dawa za kemo, mara nyingine hadi wiki ya tatu. Mionzi ya shingoni, ambayo kwa kawaida ni vipindi 35 kwa wiki 7, huua limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe za kinga, na hizo hazistahimili hata dozi ndogo. Mdomo nao umechubuka, bakteria na fangasi wamepata mlango. Usaha hutokana na nyutrofili. Zikiisha, maambukizi huweza kusambaa bila usaha wala uvimbe wa kuonekana. Dalili pekee inaweza kuwa homa, na homa hiyo haisubiri asubuhi.

Cha bastola huyumba sana kwenye joto letu. Mgonjwa akishuka daladala saa saba mchana, paji limechomwa na jua. Akikaa mbele ya feni, jasho linalokauka hulipoza. Baya zaidi ni kitufe cha kuchagua mwili au vitu: kikibaki kwenye vitu, mtu anayechemka anaweza kusoma 36.

Chembamba hutaka subira tu. Subiri dakika 15 baada ya kuoga au kutoka juani, futa jasho, weka ncha katikati ya shimo la kwapa, bana mkono ubavuni. Kikilia usikichomoe papo hapo: hulia kasi ya kupanda inapopungua, na kwapa hupanda polepole. Kiache hadi dakika 5. Mdomoni kwenye vidonda usikitie, na njia ya haja kubwa ni marufuku kabisa, maana mchubuko mdogo huko hupitisha bakteria hadi kwenye damu.

Kwapa husoma chini ya mdomo, mara nyingi kwa karibu nusu nyuzi. Ukiona 37.5, rudia baada ya nusu saa. Ukiona 38, nenda hospitali usiku huohuo, useme mlangoni kwamba mgonjwa yuko kwenye kemo. Akitetemeka kwa baridi, nenda hata kama namba ni nzuri.

Pima kabla ya panadol, si baada yake. Wagonjwa hawa huinywa mara kwa mara kwa maumivu ya koo, nayo huficha homa. Deksamethasoni ya kuzuia kutapika hufanya vivyo hivyo.

Kasoro za chembamba ni mbili. Vingi havina taa, kwa hiyo usiku utamulika kwa tochi ya simu. Na kioo kikififia, badilisha betri. Nyingi ni LR41, ile ndogo kama kifungo, ambayo mafundi saa huwa nayo.

Cha kioo chenye zebaki kiache dukani. Kikivunjika chumbani kwa mgonjwa, umeongeza sumu.