Klabu ya judo ya binti yangu: mkanda hapa haununuliwi

Mzazi unayetafuta klabu ya judo hapa Unguja, kabla hujauliza ada uliza mtihani wa mkanda unafanywaje. Binti yangu nilimtoa klabu nyingine ambako kila muhula ukiisha watoto wote walilipishwa, na wote wakavishwa rangi mpya.

Hii ya sasa ukumbi wake una joto na mikeka imechakaa pembeni. Lakini mtihani wao naupa nyota tano.

Wanaanza mweupe, halafu njano, machungwa, kijani, buluu, kahawia, ndipo mweusi. Utitiri huu wa rangi ulienea kutoka Ulaya. Kodokan yenyewe ya Tokyo, shule mama ya judo aliyoianzisha Kano Jigoro mwaka 1882, mtu mzima hutoka mweupe akaenda kahawia. Ngazi za chini ya mweusi ni kyu, huhesabiwa kuteremka mpaka ya kwanza. Kuanzia mweusi ni dan, na hizo hupanda.

Binti yangu alikuwa akitafuta njano. Kabla ya kuangusha mtu, alipimwa kuanguka yeye: kinyumenyume, ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha mbele kwa kubingirika, kidevu kimebanwa kifuani na mkono unapiga mkeka. Ubavu wa kushoto mwalimu hakuridhika, akamrudisha. Ndipo wakaingia o-goshi, kuangusha kwa nyonga, na o-soto-gari, kuangusha kwa kufyeka mguu kwa nje, na mwisho kesa-gatame, kumbana mwenzake chali huku mwenzake anajitahidi kweli kutoka. Majina yote ataje mwenyewe.

Kilichonipa imani ni mvulana mmoja ambaye hakupita. Aliangusha kwa nguvu, watazamaji tukapiga makofi, lakini kila mara aliachia mkono wa mwenzake hewani. Mkono ule ndio unaomsaidia anayeangushwa atue kwa ubavu, asiangukie kichwa. Mwalimu akasema asubiri mtihani ujao. Baba mtu alikasirika. Mwalimu akamkalisha, akamweleza pole pole, akamwonyesha kwa vitendo. Mtoto bado anakuja mazoezini, na sasa anashika. Mimi mwanangu ndiye anayeangushwa na watoto hao, kwa hiyo uamuzi ule nauthamini kuliko medali.

Wakubwa nao wanafaa kutazamwa. Kuna dada mwenye mkanda wa kahawia anayejiandaa na mweusi, hubaki na mwenzake baada ya wote kuondoka wakirudia nage-no-kata, mfululizo rasmi wa mbinu 15 za kuangusha, kila moja kulia na kushoto. Mkanda huo klabu haitoi; anakwenda kupimwa na chama cha judo.

La kurekebisha: tarehe ya mtihani hutangazwa siku chache tu kabla, na sisi tunaotoka shamba usafiri unatusumbua. Itangazwe mapema. Nguo nunueni zilizozidi kidogo, maana za pamba zikifuliwa hupungua.