Subaru ya tabo, kompyuta mpya: sensa ya hewa au sensa ya presha?

Ukiing'oa kompyuta ya kiwandani inayoongoza injini kwenye Impreza WRX ya miaka ya 90, yenye tabo (pampu inayosukumia injini hewa), na kufunga ya kuprogramu upya, swali la kwanza ni hili: mafuta yapimwe kwa sensa gani?

Sensa ya hewa hukaa karibu na filta na kupima uzito wa hewa inayoingia. Panda kutoka Mombasa hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu, nayo inaona yenyewe kwamba hewa imekuwa nyepesi. Udhaifu wake ni mabomba. Likivuja lile la kati ya tabo na injini, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka, petroli inazidi, moshi mweusi unatoka. Na wapenzi wa ile vali ya "pshhh" inayopumulia nje hewa ya tabo huenda wakazimikiwa na gari wakiachia mguu.

Sensa ya presha husoma manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Kompyuta huchanganya presha, joto la hewa na mizunguko ya injini, ikakokotoa hewa iliyoingia. Haijali vali inapumulia wapi. Lakini jedwali lake la hesabu hiyo ni la injini ile ile: badilisha tabo au kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini), urudi kupima upya, lambda ya bendi pana (sensa inayoonyesha uwiano wa hewa na petroli) ikiwa kwenye ekzozi. Tabo ikisukuma kwa nguvu, wengi hulenga hewa 11 hadi 11.5 kwa petroli 1, si 14.7 ya mwendo wa kawaida.

Gari la kwenda kazini, lisilobadilishwa sana, ningebakiza sensa ya hewa. Tabo kubwa? Presha, bila ubishi.